Saini Sita za Eustadia Inamahoro

Eustadia Inamahoro alijua kwamba ni mjumbe wa kamati siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa amekaa juu ya gunia kwenye kibanda cha jirani yake Gervasi, akipanga madaraja ya tumbaku. Kushoto aliweka majani ya rangi ya chungwa, kulia ya rangi ya limau, na nyuma yake yale yaliyoungua. Dada mmoja aliyevaa suruali na kofia ya ujenzi aliegesha pikipiki nje, akainama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye Mama Esperansi?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi."

"Naitwa Julieth, mhandisi mpya kutoka halmashauri. Nimekabidhiwa mradi wa zahanati yenu, nikaona nianze kwa kukusalimia. Nimesoma michango yako yote kwenye mihtasari."

Eustadia aliweka chini jani alilolishika. "Michango ipi?"

"Ya vikao. Si wewe mwakilishi wa watu wenye ulemavu kwenye kamati ya ujenzi? Kikao cha tatu umesema njia ya mteremko imejengwa vizuri na umeridhika nayo."

"Mimi?"

Julieth alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alitoa faili kwenye begi akamfunulia. Vikao vilikuwa sita ndani ya miaka miwili. Kwenye kila karatasi, mstari wa tano, lilikuwepo jina lake, na mbele ya jina saini yenye mwandiko wa kulala, mzuri, wenye mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho.

"Mwandiko mzuri huu," Eustadia alisema. "Ningependa uwe wangu."

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, wakaletwa Ulyankulu kukata pori, na yeye akazaliwa mwaka uliofuata, kwenye nyumba ya nyasi. Alipofika miaka minne homa ilimlaza wiki mbili, na alipoinuka miguu haikuinuka naye. Nyumbani alitembea kwa mikono, viganjani amevaa katambuga za tairi alizojishonea mwenyewe. Barabarani alitumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Kusoma na kuandika alifundishwa na masista, na alipopewa cheti chake cha uraia alisaini kwa herufi kubwa, moja moja, kama anayepanga matofali. Wakulima wa tumbaku walimgombania kila msimu, kwa kuwa robota la majani lililopangwa na Eustadia halikurudishwa sokoni.

"Kikao kingine lini?" alimuuliza Julieth.

"Ijumaa. Kamati inasaini hati ya kukamilika kwa jengo. Wajumbe wote saba wanatakiwa kusaini, ndipo wafadhili waje kukabidhi rasmi."

"Ijumaa nitakuja."

Kijijini habari haihitaji pikipiki. Jioni hiyo, moto wa chakula ukiwa ndiyo kwanza unawaka, mwenyekiti wa kijiji, Selestini, alifika nyumbani kwake na kukaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Walikua pamoja, nyumba ya tatu kutoka kwao. Alizungumza Kirundi, lugha yao ya nyumbani, na alizungumza taratibu.

"Dada yangu, usilichukulie vibaya. Serikali yetu imekubaliana na nchi rafiki kwamba kila mradi uwe na sauti ya wote. Fomu ilitaka mwanamke, kijana na mtu mwenye ulemavu. Wewe ni mwanamke na ni mlemavu. Tulikuweka kwa heshima."

"Mbona hamkuniita?"

"Ofisi ina ngazi, unajua. Tulikuhurumia."

"Kwa hiyo mkalipandisha jina langu peke yake."

Selestini alisugua magoti. "Eustadia, sisi tumeanza kupiga kura juzi. Wazazi wetu walikuja hapa na mikeka vichwani. Tumepokewa, tumepewa ardhi, tumepewa uraia. Mtu aliyekaribishwa kula hasemi chumvi imezidi."

"Aliyekaribishwa ni mgeni. Mimi nimezaliwa hapa. Cheti changu kimo sandukuni, nikuletee ukisome? Kimeandikwa raia. Hakikuandikwa raia atakayenyamaza."

"Unatafuta ugomvi na watu wakubwa."

"Selestini. Mwanangu Esperansi alizaliwa wapi?"

Mwenyekiti alitazama moto.

"Sema. Si ulikuwepo wewe na kaka yangu, mmesimama nje?"

"Sakafuni," alisema mwishowe.

"Sakafuni. Kitanda cha kujifungulia kilinifika kidevuni, na nesi akasema hana mtu wa kuninyanyua. Nimezaa juu ya saruji, nimetandika khanga, huku watu wanapita wananiruka. Leo mnajenga zahanati nyingine, mnaandika kwamba nimeridhika. Nenda nyumbani kwako, kaka. Ijumaa tutaonana."

Ijumaa alifika mapema. Ofisi ya kijiji ilikuwa na ngazi nne za saruji. Mtendaji wa kijiji, Shilinde, mtu wa Igunga mwenye mwili wa kuvuta jembe bila ng'ombe, alitoka akamwona chini pale, akaita vijana wawili waliokuwa wamekaa kwenye bodaboda.

"Mnyanyueni Mama Esperansi mumwingize ndani."

"Anayenigusa nitamng'ata," Eustadia alisema.

Vijana walicheka, lakini hawakusogea.

"Mama, tunakusaidia."

"Mimi si gunia, mtendaji. Kikao kinaweza kushuka. Kina miguu."

Shilinde alirudi ndani. Kikao kilianza bila Eustadia, naye kwa nusu saa akakaa juani akisikiliza sauti kupitia dirishani. Mtendaji alipotoka tena alikuwa na karatasi na kalamu, na tabasamu la mtu anayetaka jambo liishe.

"Wenzako wote wamemaliza. Wewe weka tu saini hapa."

"Sijaliona jengo."

"Jengo lipo, mama, kila siku unalipita."

"Nalipita. Leo nataka kuingia."

Wajumbe walikuwa wamejaa mlangoni. Julieth, aliyekuja kwa niaba ya halmashauri, alisema kwa sauti ndogo kwamba mjumbe ana haki ya kukagua kabla ya kusaini. Shilinde alimtazama kama aliyesalitiwa, lakini msafara ukaondoka, baiskeli ya Eustadia mbele na wengine nyuma, na watu waliokuwa wakitoka kisimani wakafuata kuona kulikoni.

Zahanati ilikuwa imepakwa rangi nyeupe na bluu. Kando ya ngazi palikuwa na njia ya mteremko ya saruji, fupi na kali kama paa la nyumba. Eustadia aliikabili. Alizungusha mikono mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Katikati baiskeli iligoma, ikaanza kurudi nyuma, akaikaza breki kwa shida akashuka hadi chini. Akajaribu tena. Mara ya pili gurudumu la mbele lilinyanyuka hewani, na akina mama wakapiga kelele.

Alishuka kwenye baiskeli, akavaa katambuga zake mikononi, akasogea pembeni.

"Mtendaji, wewe una nguvu. Panda."

"Nipande wapi?"

"Kwenye baiskeli. Ukifika juu kwa mikono, nasaini."

Watu walianza kumshangilia, naye hakuwa na pa kukwepea. Alijikunja kwenye kile kiti, akazungusha. Alifika mbali kidogo kuliko Eustadia, kisha baiskeli ikamrudisha kwa kasi mpaka kwenye rundo la mchanga, akaanguka ubavu. Kicheko cha watu hakikudumu, kwa sababu Eustadia hakucheka.

"Julieth, mwanangu, mteremko kama huu unatakiwa uwe vipi?"

"Kila shubiri moja ya kwenda juu inataka shubiri kumi na mbili za urefu."

"Hapa?"

"Hapa ni tatu. Labda nne."

Eustadia alipanda ngazi kwa mikono, akaingia ndani. Alipima mlango wa choo kwa fimbo aliyokuja nayo, iliyokatwa kwa upana wa baiskeli; baiskeli isingepita. Alisimama, kwa namna yake ya kusimama, kando ya kitanda cha kujifungulia. Kilimfika kidevuni. Alikishika ukingo, na Selestini, aliyekuwa mlangoni, akatoka nje.

Kisha akaomba faili. Shilinde, bado na mchanga shatini, alimpa akidhani amekubali kusaini. Eustadia alikaa sakafuni, akafungua kikao cha kwanza, na mbele ya ile saini nzuri yenye mkia akaandika kwa herufi zake za matofali: SIKUWEPO. Akafungua cha pili. SIKUWEPO.

"Mama, hizo ni nyaraka za serikali!"

"Ndiyo. Na serikali imesema nami niwemo. Sasa nimo." Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza ya sita.

Kwenye hati ya kukamilika hakuandika kitu.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri. Makabidhiano yaliahirishwa. Shilinde alifunga zahanati kwa kufuli, akatangaza kwamba jengo haliwezi kutumika kwa kuwa mjumbe mmoja amegoma. Wagonjwa waliendelea kwenda kituo cha mbali, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Wakulima wawili wakapeleka tumbaku yao kwa wapangaji wengine. Mtu aliikata tairi ya baiskeli yake kwa wembe ikiwa imeegeshwa nje ya kanisa, wakati wa misa. Na siku moja jirani yake Kashindye, aliyekuwa na mtoto mwenye malaria mgongoni, alisimama mbele ya uzio wake akamwambia, "Nimetoka huko kwa miguu. Kwa ajili yako. Kwa ajili ya kipande cha saruji."

Maneno hayo yalimuuma kuliko wembe. Siku mbili hakula vizuri. Alifikiria kwenda kusaini. Aliitoa kalamu, akaiweka mezani, akaitazama. Halafu likamjia swali ambalo alishangaa halikumjia mapema, akatoka hivyo hivyo na tairi iliyotiwa viraka, moja kwa moja mpaka kwa Kashindye.

"Dada, mimi nimekataa nini?"

"Kusaini."

"Nimekataa dawa? Nimekataa nesi? Kufuli la pale mlangoni ni langu?"

Kashindye alitikisa kichwa.

"Jengo lina vitanda, nesi yupo, analipwa, analala kwenye nyumba ya zahanati. Mimi nimesema tu mteremko urekebishwe. Nani amesema mlango ufungwe wakati unarekebishwa? Twende tukamuulize mwenye ufunguo."

Walienda wawili. Walipofika ofisi ya kijiji walikuwa kumi na saba, wengi wana watoto mgongoni. Safari hii hakuna aliyemwambia Eustadia apande ngazi. Kashindye ndiye aliyesimama chini akaita, "Mtendaji! Tunaomba ufunguo!" Shilinde alisema anasubiri maelekezo. Kashindye akajibu kwamba nao watasubiri, hapo hapo, wakatandika khanga. Simu zilipigwa wilayani. Julieth aliandika barua kwamba sheria haizuii kutoa huduma wakati marekebisho yanafanyika, akaisaini kwa jina lake kamili, jambo ambalo kwa mhandisi wa miezi miwili kazini si dogo. Keshokutwa yake asubuhi kufuli lilitoka.

Mwezi uliofuata mafundi walivunja ule mteremko. Wa sasa ni mrefu, unapinda mara moja kuzunguka kona ya jengo, na una ukuta mdogo wa kushikia. Eustadia aliupima kwa fimbo yake siku tatu mfululizo, akawarudisha mafundi mara moja, wakanung'unika. Mlango wa choo ulipanuliwa. Kitanda cha kujifungulia kilibadilishwa kwa kile cha kushuka. Ndipo akasaini.

Nani aliyeandika zile saini sita, hakuna aliyesema mpaka leo. Shilinde alipewa barua ya onyo, akabaki kazini. Selestini hamtembelei tena. Wakikutana barabarani husalimiana, na yeye huwa wa kwanza kutazama pembeni.

Mwezi wa kumi wafadhili walikuja kwa magari manne na bendera mbili. Eustadia hakuwekwa kwenye orodha ya wazungumzaji, na hakuomba. Lakini mgeni mmoja, mwanamke mzee aliyetembelea mkongojo, aliuacha msafara kwenye ngazi akapanda kwa ule mteremko. Akiwa juu alimkuta Eustadia ameegesha baiskeli yake kivulini. Hawakuwa na lugha moja. Mzee yule aliugonga ukuta wa kushikia kwa kiganja mara mbili, akamwinamia kichwa, akaingia ndani.

Baada ya Krismasi kijiji kilipata mradi mwingine, wa vyoo vya shule. Barua ya mwaliko ilimfikia Eustadia siku tano kabla, imeandikwa siku, saa na mahali: nje ya ofisi, chini. Alifika, akapokea orodha ya wajumbe, akaisoma yote kabla ya sala ya kufungua kikao.

"Mwakilishi wa vijana ni Masanja," alisema. "Masanja yupi?"

"Mtoto wa marehemu mzee Limbu," mtendaji alijibu.

"Anayeendesha lori Mwanza?"

"Huyo huyo."

"Ana taarifa kwamba yumo?"

Shilinde alifunua makaratasi, akayafunika.

"Nipeni namba yake ya simu," Eustadia alisema, akakaza breki ya baiskeli. "Akikubali, tunaanza. Akikataa, tunatafuta kijana aliyepo."

Mtu mmoja alinong'ona kwamba jua linazidi kupanda. Eustadia alikuwa ameshaanza kubonyeza namba.