Fundi Pembe na Mkate wa Wodini

Mtaani walimwita Fundi Pembe, na jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka thelathini na minne alitengeneza milango, vitanda na makabati, na hakuna kazi iliyotoka karakanani kwake kabla hajazipima pembe zake zote nne. Mteja akimharakisha, alijibu bila kuinua kichwa, "Ukitaka cha haraka, katundike pazia." Watu walicheka, kisha wakasubiri. Mlango wa Fundi Pembe ulifungika kwa kusukumwa na kidole kimoja.

Siku moja alikuwa juu ya paa la nyumba ya mtu akipigilia kenchi, zile mbao za kubebea bati. Ubao aliokanyaga ukateleza, akaja chini kama gunia. Bahati yake hakuvunjika kiuno, ila bega la kulia lilitoka mahali pake, na hata liliporudishwa halikutaka tena habari za zamani. Daktari hakumficha: randa basi, msumeno basi, mizigo mizito basi. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alifunga karakana, akauweka ufunguo juu ya kabati, akakaa sebuleni.

Mkewe alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi. Zamani walikuwa wakitoka pamoja alfajiri, yeye na kikapu chake cha zana, mkewe na sare yake iliyopigwa pasi, wakaachana kwenye kona. Sasa alitoka mmoja. Aliyebaki alisimama mlangoni akimtazama mwenzake mpaka apotee, kisha akarudi ndani kubishana na redio. Jambo hilo lilimuuma kuliko bega. Majirani wakimwita kupitia dirishani, "Fundi, habari za kushinda?" alijifanya hasikii, na baada ya wiki mbili akalifunga dirisha kabisa. Chai ikawa kila siku imepoa. Paka wa jirani akawa anamwangalia kwa dharau. Mkewe aliyavumilia yote hayo, maana alikuwa amezoea watu wenye uchungu.

Mkunga huyo alikuwa na udhaifu mmoja tu: hakuweza kumpita muuza ndizi. Alinunua chane nzima, wakala nne au tano, zilizobaki zikaiva juu ya friji mpaka zikawa nyeusi na vijidudu vikaanza kuzizunguka. Asubuhi moja, akifunga kamba za viatu, alisema, "Baba, zile ndizi zitupe leo. Zinatuaibisha."

Fundi akazitia kwenye mfuko, akaenda nazo hadi kwenye pipa la taka. Alipofunua kifuniko, mkono ukagoma. Mtu huyu hakuwahi kutupa hata kipande cha ubao cha urefu wa kiganja, maana daima kilipata kazi. Na zile ndizi, kwa weusi wao wote, zilinukia utamu ambao hakuutarajia. Akarudi nazo jikoni.

Katika droo ya vijiko kulikuwa na daftari la mapishi la binti yao, aliloliandika enzi za shule na kuliacha alipoolewa. Fundi akavaa miwani, akafunua, akakuta ukurasa wa mkate wa ndizi. Ugomvi ukaanza hapo hapo. "Ponda ndizi tatu," daftari lilisema. Tatu za ukubwa gani? "Kikombe kimoja na nusu cha unga." Kikombe kipi? Kwenye kabati vilikuwamo vikombe vya aina sita. "Oka mpaka uive." Fundi alilitazama daftari kama anavyomtazama mtu aliyejenga bila kamba. "Mtoto wangu mwenyewe!" akasema peke yake.

Mkate wa kwanza uliungua juu na kubaki uji ndani. Wa pili ulikuwa mgumu kiasi kwamba ungeweza kuupigilia msumari. Yote miwili aliipitisha juu ya ukuta kwa jirani yao, mjane mfuga kuku ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kuku. Wa kwanza kuku waliula. Wa pili waliuzunguka wakiujadili.

Mama Kuku akatokeza kichwa ukutani. "Shemeji, hiki umewaletea kuku au unajenga banda?"

"Shemeji, punguza sauti."

"Umekikorogaje?"

Fundi akamwonyesha kwa mkono wa kushoto, akizungusha hewani kama ameshika mwiko, kwa nguvu zake zote. Mama Kuku akashika kiuno kwa kicheko. "Unachanganya zege! Ukishatia unga, koroga taratibu, na ukiona umeshachanganyika, achia hapo hapo. Unga ukiuonea, unanuna."

"Na mke wangu asijue."

"Mimi?" Mama Kuku akajipiga kifuani. "Siri kwangu imefika kaburini."

Siri yenyewe ilikuwa na miguu, kwa sababu mkunga hakuwa kipofu. Ndizi ziliisha bila maganda kuonekana. Mayai yalipungua. Jioni moja alimkuta mumewe ana unga kwenye sikio. Akaufuta kwa kidole, akautazama, akakaa mkabala naye.

"Baba, kuna mtu anakuja humu nikiwa kazini?"

"Mtu gani?"

"Mtu anayekula mayai sita kwa wiki."

Fundi alikohoa, akasema siku hizi njaa yake haieleweki. Mkewe akaitikia "haya," haya ile ndefu ya mtu ambaye hajaridhika, akaenda kunusa mapazia.

Mkate wa tatu ulididimia katikati, nao kuku wakaumaliza. Wa nne aliuoka siku ya Ijumaa. Safari hii alichagua kikombe kimoja, kile cha buluu, akakitia alama ya mkaa ili kisibadilishwe na mtu. Ndizi alizipima kwa kikombe hicho badala ya kuzihesabu. Akaziponda kwa uma, akatia mafuta, sukari, mayai mawili, unga, chumvi kidogo na beking pauda, akakoroga kwa upole kama anapaka vanishi, na alipoona unga mkavu umepotea akaweka mwiko chini. Kisha akavuta kigoda mbele ya oveni, akakaa. Hakuwasha redio. Mkate ulipanda, ukapasuka katikati, ukawa wa rangi ile ya mbao nzuri iliyopigwa msasa. Alichoma kijiti, kikatoka kisafi.

Mkewe aliisikia harufu akiwa bado getini. Aliingia jikoni na viatu vyake, na mkoba begani, akakuta mkate juu ya kitambaa na mumewe amesimama kando yake kama mshitakiwa. Akakata kipande, akala amesimama. Akakata kingine.

"Nani kaoka?"

"Kwani humu ndani tuko wangapi?"

Alicheka mpaka akashika meza. Halafu kicheko kikageuka, machozi yakamtoka, akavuta kiti akakaa. Fundi akababaika. "Umekuwa mbaya kiasi hicho?"

"Si mkate," alisema akijifuta kwa kiganja. "Ni miezi saba hujanijibu jeuri."

Kesho yake mkunga aliondoka na nusu iliyobaki kwenye kifurushi. Wodini kulikuwa na mama aliyehangaika na uchungu siku nzima na nusu, akajifungua asubuhi hiyo, na chakula cha mchana kilikuwa bado mbali. Alikula vipande viwili, kisha akauliza kama kuna cha tatu. Wakunga wenzake wakamaliza hadi makombo. "Wameuliza kaoka nani," mkewe alimwambia jioni. "Nimesema mume wangu. Wamenicheka."

"Wamecheka nini?"

"Wanasema nawaringishia."

Jumatatu Fundi alioka mikate miwili, ili wasiendelee kumwita mkewe mwongo. Ikawa desturi, mara tatu kwa juma. Alifungua karakana, na kwa mkono wa kushoto, polepole, akatengeneza kisanduku chepesi cha kubebea mikate bila kuivunja. Kilimchukua siku tisa. Zamani angekimaliza kabla ya chai ya saa nne, lakini hakuna aliyemharakisha. Baada ya miezi michache, wanawake wenye watoto mgongoni walianza kumsimamisha njiani. "Shikamoo Fundi. Huyu ni wa mkate wako." Naye angeinama, amtazame mtoto kwa makini, aseme, "Ameiva vizuri." Dirisha la sebuleni likawa linashinda wazi.

Kisha zamu ikafika nyumbani kwake. Binti yao, mwenye daftari, aliletwa wodini kwa uzazi wa kwanza. Mkunga alikwenda naye. Fundi aliambiwa asubiri, na kusubiri hakukuweza, akaoka. Kila baada ya kijiko alikwenda kuchungulia njia. Aliweka mkate ndani, akautoa, akaufunga ungali moto, akautia chini ya kwapa la upande mzima, akatembea hadi hospitali.

Mlinzi alimzuia mlangoni. "Mzee, wanaume wanasubiri nje."

Sauti ya mmoja wa wakunga ikatoka kwenye korido. "Mwache huyo apite! Huyo ndiye mkate!"

Alimkuta binti yake amejilaza, uso umevimba kwa uchovu, na kando yake kitu kidogo kilichofungwa kwenye khanga, kina ngumi mbili kama njugu. Ni msichana. Mkunga alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, safari hii kama bibi. Fundi akafungua kifurushi, akamkatia binti kipande.

Binti alitafuna, akaacha kutafuna, akamtazama baba yake. "Baba. Chumvi."

"Imezidi?"

"Umeitia mara mbili."

Mkunga akaonja, akakunja uso, akaanza kucheka bila sauti, akiogopa kumwamsha mtoto. Fundi Pembe aliona aibu mpaka masikioni, akaanza kuufunga mkate aurudishe nyumbani. Binti akaushika mkono wake.

"Unaupeleka wapi? Nikatie kingine."

"Si umesema chumvi?"

"Nimesema chumvi, sijasema sitaki."