Kizungu Kikavu Kuliko Ngozi

Juzi, nikipita Nyanungu, niliona ngozi ya ng'ombe imewambwa juani, na harufu yake ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utoto wangu.

Bibi alikuwa akikanyaga ngozi ya kulalia iliyokauka kama ubao, akiipaka siagi ili ilainike. Nami nilikaa kando yake nikipambana na maneno ya Kiingereza tuliyofundishwa shuleni ya kueleza vitu vikuukuu, vilivyokakamaa na vilivyochakaa: "old, stiff, worn out." Baba alikuwa ameapa kwamba nikibabaika mbele yake jioni ile, shule ingekuwa basi, nibaki nyumbani kuchunga ndama.

"Kizungu chako ni kikavu kuliko hii ngozi," Bibi alinicheka. "Simama ukanyage nami. Kilichokakamaa hakibembelezwi."

Nilikanyaga, neno kwa kila hatua, mpaka nyayo zikawaka moto. Alipogeuka, nilichota siagi nikaipaka ulimini, nikiamini kwamba kilainishacho ngozi hulainisha na Kiingereza. Leo najua kilichonisaidia ni kule kurudia bila kukoma. Siku ile niliishukuru siagi.

Jioni Baba aliketi kunisikiliza, ingawa hakujua hata neno moja la lugha ile. Niliyatamka yote bila kukwama, kisha nikayarudia kabla hajaniamuru.

"Na ndama kesho atawachunga nani?" Bibi alimuuliza, akimkazia macho.

Baba alinyanyuka taratibu. "Ni ndama wangu, mama," alisema. "Nitawachunga mwenyewe."