Kauboi wa Mama Mkwe

"Tupa bastola chini, la sivyo hutoki hapa hai." Sauti hiyo ilipenya ukutani usiku wa manane, ya mwanamke, tena ya Kiswahili, humu humu nyumbani kwetu Selly Oak, huku ughaibuni. Mume wangu yuko kazini, shifti ya usiku. Nikambeba mtoto, nikashika kiatu, nikatoka, maana chumba ilikotoka sauti analala mama mkwe, mgeni wetu kutoka Unguja.

Nikasukuma mlango. Mama mkwe kakaa kitandani peke yake, miwani puani, simu kaiegemeza kwenye mto, mkononi kitabu cha Kiingereza chenye picha ya kauboi juu ya farasi. Anamsomea dada yake aliyepofuka, kule Unguja, akimtafsiria papo hapo. Na ndiye huyu anayenikataza tamthilia.

Aliponiona hakuacha kusoma. "Kauboi akashuka, akamvuta yule mjane kifuani, waka... wakasalimiana."

"Wakasalimiana?" dada mtu akauliza simuni. "Wamekimbizwa na majambazi jangwa zima, leo wasalimiane? Soma vizuri, wewe."

"Mke wa mwanangu yupo mlangoni."

"Basi mtoe."

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Tangu aje namwogopa mama huyu, hata kukaa nakaa kwa adabu, kumbe naye ana lake la kuficha. Akaniambia polepole, "Mwanangu asijue. Ataniona mama wa namna gani?"

Nikamwahidi, ila kwa sharti nikae nisikie kama mjane atapona. Basi mmejua ninyi wasomaji, mwingine simwambii.