Mama Kipenga na Goli la Spana

Kibanda cha Mama Kipenga kina kiti kimoja cha kunyolea na benchi mbili za kubishania. Wengi wa watu wa benchi hawana hata nywele za kunyoa. Wanakuja asubuhi, wanaegemeza migongo ukutani, na kabla mashine haijapata moto wameshaanza. Ile ya jana ilikuwa kuotea au haikuwa? Yule beki alicheza mpira au alicheza mguu? Na kocha anayeanza na mabeki watano nyumbani kwake ana akili timamu kweli, au apelekwe akapimwe?

Kiti hicho Mama Kipenga alikirithi kwa baba yake, pamoja na kioo chenye ufa na tabia ya kutovumilia upuuzi. Mikono yake inanyoa lakini masikio yako benchi. Mtu akisema uongo kuhusu sheria za mpira, anazima mashine, na kibanda kizima kinajua kuna mtu amejichongea. Anachukua taulo la njano kwenye msumari, anamtundikia mkosaji mabegani, na mtu mzima na ndevu zake atakaa hivyo hivyo mpaka mteja aliye kitini anyanyuke. Akirudia, linashuka taulo jekundu, na nje. Siku moja alimtoa mteja mwenyewe, kichwa kimenyolewa nusu, na yule bwana alisimama mlangoni kama shamba lililoachwa katikati ya palizi mpaka akakubali kwamba mpira wa kurusha hauna kuotea.

Somo lililompa kazi kuliko yote lilikuwa la penalti. Watu walikuwa wameshikilia kwamba penalti ikigonga nguzo ikarudi, mpigaji anajipigia tena na goli ni halali. Mama Kipenga akawakatalia. Mpigaji haruhusiwi kuugusa tena mpaka mtu mwingine aguse.

"Sasa nguzo si imegusa?" fundi mmoja wa gereji akauliza.

"Nguzo siyo mtu," akamjibu, na taulo likamshukia.

Maneno hayo yakawapendeza watu wa benchi kupita kiasi. Mtu akichelewa na kusingizia foleni, anaambiwa nguzo siyo mtu. Mtu akilalamika mkewe hamjibu, anaambiwa labda anaongea na nguzo. Sheria yenyewe waliimeza nusu, kama tunavyomeza sheria nyingi, ile nusu yenye utamu.

Jina la Mama Kipenga alipewa kwa utani, zamani, wakati hana hata kipenga. Utani huo ulimkaa rohoni kwa namna ambayo hakumwambia mtu. Alitaka kuwa refa kweli, mwenye beji kifuani. Basi akaenda kwenye mafunzo ya waamuzi, akafanya mtihani wa sheria na kuufaulu, akakimbizwa uwanjani na vijana akamaliza nao, ulimi nje lakini amemaliza. Kilichobaki ni mechi moja ya majaribio mbele ya mkaguzi, mzee mkavu ambaye usoni mwake huwezi kusoma hata kama amekula.

Mechi hiyo ilimshinda. Alitoa kona, upande mmoja wa watazamaji ukapiga kelele, akabadilisha. Upande wa pili ukapiga kelele, akairudisha kona. Tangu hapo watu walijua mlango uko wapi, wakawa wanaugonga kila mara, na yeye anafungua. Mwishoni mkaguzi alimwita pembeni.

"Mama, sheria unazijua vizuri kabisa. Lakini leo mchezo umechezeshwa na watazamaji. Nitakuja kukuona mara moja tena. Ikiwa hivi, utabaki na kibanda chako cha kunyolea, na hakuna ubaya."

Hakuna ubaya! Mama Kipenga alilia njia nzima kwa hilo neno. Kilichomuuma zaidi ni watu wa benchi. Kesho yake habari zilikuwa zimeshafika, na hakuna hata mmoja aliyemtania. Watu ambao wangeweza kumtania maiti, siku hiyo wamekaa kimya wanatazama viatu vyao.

Mechi ya pili aliyopangiwa ilikuwa kati ya timu ya gereji na timu ya maseremala. Anayezijua karakana hizo mbili, zilizotazamana barabara moja, ataelewa kwa nini marefa wengine walipata mafua wiki hiyo. Mechi yao ya mwisho haikuisha. Refa aliondoka kwa kuruka ukuta. Na ili mambo yanoge, asubuhi ya mechi kipa wa maseremala akateguka mguu, akawekwa golini kijana mwingine wa karakana anayeitwa Sumaku. Sumaku ni ndugu wa tumbo moja na Mama Kipenga, mdogo wake wa mwisho. Alimbeba mgongoni huyo, akamfuta kamasi, akamfundisha kufunga kamba za viatu.

Mama Kipenga akaenda kwa mkaguzi moja kwa moja. "Mzee, yule kipa ni mdogo wangu. Wengine wasije wakasema."

Mkaguzi akamwita nahodha wa gereji, mshambuliaji mrefu wanayemwita Spana. Spana akacheka.

"Huyu mama? Mzee, twende tu. Nimeona kwa macho yangu akimvalisha mdogo wake taulo."

Wakaanza. Na nisiwachoshe na yote, ila niseme hivi: Mama Kipenga alikimbia siku ile. Kipindi cha kwanza maseremala walipaki watu wote nyuma, wakamwacha mmoja mbele apigane na dunia, na watu wa gereji nje wakawa wanawatukana kwa woga. Baadaye huyo mmoja akapenya peke yake akafunga, na woga ule ule ukaitwa mbinu. Gereji wakasawazisha kwa kona. Kila filimbi iliyopulizwa ilizomewa na nusu ya uwanja, na kila mara Mama Kipenga alisikia ule mlango wa siku ile ukigongwa. Akajikaza kisabuni. Hakufungua.

Dakika zilipokuwa zinayoyoma, timu zikiwa zimefungana goli moja kwa moja, beki wa maseremala akamvuta Spana jezi ndani ya boksi mpaka ikachanika. Penalti. Hiyo hata maseremala hawakubisha sana, maana kipande cha jezi kilikuwa bado mkononi mwa beki.

Spana akaweka mpira. Mama Kipenga akasimama pembeni, mahali pa kuona mpigaji, kipa na wale wengine wanaotaka kuingia boksi kabla ya wakati. Akapuliza.

Spana alipiga chini, kona ya kushoto ya kipa. Sumaku akaruka na kujinyoosha mwili mzima. Mpira uliokuwa unaingia ukabadili njia kidogo, ukagonga nguzo kwa ndani, ukarudi miguuni kwa Spana mwenyewe. Spana hakujiuliza mara mbili. Akaujaza wavuni.

Mama Kipenga alinyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja. Goli.

Yakhe! Upande wa maseremala ulifumuka. Waliingia mpaka kwenye mstari, mikono hewani, na mtu mmoja akaanza kuimba, wakaitikia wote: "Nguzo siyo mtu! Nguzo siyo mtu!" Wengine wao walikuwa watu wa benchi. Walikuwa wamelipia somo lile kwa taulo mabegani, na sasa mwalimu mwenyewe amelisahau mbele ya kadamnasi! Hata watu wa gereji, waliokuwa wameanza kushangilia, wakatazamana. Spana alishika kichwa. Naye alikuwa amesoma shule hiyo hiyo.

Wachezaji wa maseremala wakamzunguka Mama Kipenga.

"Mama, wewe ndiye uliyetufundisha!"

"Mpigaji hagusi mara mbili, ni maneno yako!"

"Mpaka mtu mwingine aguse," akasema Mama Kipenga. "Kipa ameugusa. Ni goli."

Nafasi ya kujiokoa ilikuwepo, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Akienda kwa mshika kibendera, akarudi akitikisa kichwa, akafuta goli, nani angemlaumu? Wangembeba juu juu. Gereji wenyewe walishaanza kukubali. Alimtazama mshika kibendera, na yule akafungua mikono: alikuwa akichunga miguu ya kipa isitoke mstarini, vidole hakuviona. Kwa hiyo uwanja mzima, aliyeona alikuwa mmoja. Kule pembeni mkaguzi amekaa na uso wake wa ukuta, na kelele zile ni zile zile za siku ile, zinagonga pale pale.

"Goli," akarudia. "Mpira katikati."

Hapo Sumaku akaja mbio kutoka golini, mavumbi mwili mzima. "Dada, sijaugusa!"

"Rudi golini."

"Dada, nakwambia sijaugusa! Unanidhalilisha mbele za watu, mdogo wako?"

"Uwanjani sina mdogo. Rudi golini."

Hakurudi. Akageukia watazamaji, akafungua mikono, akawaita waongeze kelele. Mama Kipenga akamngoja ageuke, akainua kadi ya njano mbele ya uso aliokuwa akiuosha tangu ukiwa mdogo kama chungwa. Mkono haukutetemeka. Alikuwa na hofu ya mkono huo tangu asubuhi, na sasa alijikuta anautazama kwa furaha, kama mali aliyokuwa hajui kwamba anayo.

Kelele zikapungua. Sikusema zimekwisha, zimepungua, kwa sababu watu walianza kuona kwamba mlango huu haufunguki. Maseremala wakaanza kusogea katikati, shingo upande.

Basi ndipo mtu mmoja wa gereji, mwenye kifua cha kusikika kata ya pili, akaamua kuwachokoza waliofungwa.

"Jamani muacheni kipa! Anasema kweli, hakugusa! Atagusaje na alikuwa amelala? Aliyeokoa ni nguzo!"

Gereji wote wakaangua kicheko. "Nguzo ipewe glavu!" akadakia mwingine. "Kipa aende akashikilie wavu!"

Sumaku alikuwa ameshafika golini kwake. Akasimama. Kipa, ukimwambia ameiba, anaweza kukuvumilia. Ukimwambia amelala, umemkata maini. Alivumilia kicheko cha kwanza, akavumilia cha pili, cha tatu kikamshinda.

"Nani amelala?" alifoka. "Mimi nimelala? Ule mpira ulikuwa unaingia! Nimeutoa kwa ncha za vidole hivi, viwili hivi, mpaka sasa vinawaka moto! Nyinyi mnajua kudaka nyinyi?"

Alikuwa ameinua vidole vyake viwili juu kabisa, uwanja mzima uvione.

Kisha nahodha wa maseremala akakaa chini pale pale katikati ya uwanja, akajifunika uso kwa jezi. Halafu kicheko. Walicheka gereji, wakacheka maseremala, akacheka hata yule beki mwenye kipande cha jezi. Mtu aliyekuwa ameanzisha wimbo wa nguzo alionekana akijipenyeza nyuma ya wenzake taratibu. Na Sumaku, akiwa bado na vidole hewani, akaelewa alichokisema.

Mama Kipenga hakucheka. Alitamani, mbavu zilimuuma kwa kujizuia, lakini alitazama saa, akapuliza, mchezo ukaendelea. Maseremala walishambulia mpaka mwisho bila kupata kitu. Kila filimbi aliyopuliza baada ya hapo, watu walisimama kwanza, ndipo wakanung'unika. Alipopuliza ya mwisho hakuna aliyemkimbilia. Nahodha wa maseremala alikuja akampa mkono, akasema, "Mama, hukukosea." Spana naye akaja. Refa akatoka uwanjani kwa kupitia lango, kama mtu na heshima zake.

Mkaguzi alikuwa amesimama.

"Wale watu walikuwa na hakika," akasema.

"Walikuwa nayo."

"Na kipa alikuwa hajakiri bado ulipokataa kulifuta."

"Hakuwa amekiri."

"Ungefanyaje asingekiri mpaka kesho?"

"Lingekuwa goli mpaka kesho, mzee."

Uso wa ukuta ukapata ufa, kidogo tu, upande wa mdomo. Mkaguzi akampa mkono. "Beji utaichukua Jumatatu. Hongera, mwamuzi."

Mwamuzi! Siyo mama, siyo kinyozi. Alitaka kusema asante, akaishia kuubana ule mkono wa mzee wa watu mpaka mzee akaguna. Kisha akaenda nyuma ya chumba cha kubadilishia, mahali ambapo hakuna mtu, akaruka. Akaruka tena. Mama mzima, na goti lake bovu, anarukaruka peke yake na kucheka kwa sauti, na machozi yanashuka bila ruhusa.

Alipogeuka alimkuta Sumaku ameegemea ukuta, glavu kwapani, kichwa chini. Hakujua amesimama pale tangu lini. Wakatazamana. Sumaku akakwangua ardhi kwa kiatu.

"Nilidanganya, dada."

"Najua."

"Maseremala wanasema kesho nisifike kazini." Akakwangua tena ardhi, halafu likamtoka lile lililomleta. "Lakini dada. Penalti ya Spana ile, ya chini vile, kwenye kona. Niliokoa vizuri, eti?"

Mama Kipenga akavua kipenga shingoni, akakitia mfukoni. Akamshika mdogo wake uso mzima kwa mikono miwili, mavumbi na yote.

"Tangu nianze kutazama mpira," akasema, "sijaona kipa akiokoa vizuri vile."