Paa la Kona Nane

Nilipaswa kukataa. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alisimama katikati ya kuta zangu ambazo zilikuwa bado hazijapauliwa, akatazama juu, akasema atanunua mabati ya rangi yote yaliyoandikwa kwenye hesabu ya fundi, kwa sharti moja tu: niachane na paa la mgongo wa tembo, niweke msauzi. Nikasema sawa. Kikombe cha chai nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa bado cha moto.

Mgongo wa tembo ni paa la pande mbili, linapanda huku na kushuka kule, basi. Msauzi ni la pande nyingi, lenye kona na mabonde, na ukilitazama kutoka barabarani unajua mwenye nyumba hakubahatisha maisha. Huku kwetu, kati ya Isaka na Kahama, tulikua tukiona mgongo wa tembo juu ya kila kitu: shule, kanisa, ghala la pamba. Msauzi ulikuja na watu wa dhahabu.

Shemeji alikuwa mtu wa dhahabu. Alichimba kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, upande wa Bulyanhulu, na mwaka ule mawe yalikuwa yamejibu, kama wasemavyo wenyewe mwamba unapotoa mali. Alifika na pikipiki mpya, viatu vina vumbi jekundu, akamwamkia dada yake shikamoo, kisha akanigeukia mimi.

“Shemeji, hii ni nyumba ya mtu au ghala linalosubiri msimu wa pamba?”

Mke wangu alimjibu kabla yangu. “Na wewe unayelala chini ya turubai, umejuaje nyumba?”

“Ndiyo maana najua thamani ya paa, dada.”

Tulicheka wote watatu. Katika kicheko hicho ndipo nilipokubali.

Nieleze hali yangu ilivyokuwa. Nilikuwa nimestaafu ukarani Isaka, ambako kwa miaka mingi nilihesabu magunia na makasha ya watu yanayoshushwa kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori. Kiinua mgongo kilijenga kuta mpaka juu ya lenta, pamoja na zile pembetatu mbili za tofali zinazobeba paa la pande mbili. Fundi alikuwa ameshaandika mahitaji kwenye kipande cha mfuko wa saruji: mabati hamsini na mawili, mbao za kenchi za kubebea bati, misumari, kofia za kufunika mgongo wa paa. Mke wangu naye alikuwa na ombi moja tu katika nyumba nzima. Alitaka gata za kukinga maji ya mvua pande zote mbili na tenki la maji nyuma ya jiko. Aliuza mpunga wake misimu miwili, akaweka fedha za tenki pembeni, kwenye kopo la maziwa ya unga. Wakati huo alikuwa akiteka maji kwenye lambo, na kiangazi kikikaza alikwenda kuchimba kwenye mchanga wa mto mkavu, mbali zaidi. Alikuwa amevuka miaka hamsini na mitano, na alisema wazi kwamba kichwa chake kimechoka kubeba ndoo.

Fundi alipoambiwa mabadiliko alikaa juu ya tofali, akachomoa penseli sikioni, asiandike kitu.

“Mzee, kila kona inakula bati. Unanunua zima, unabaki na nusu.”

“Mabati si yangu,” nikamwambia. “Andika.”

Karani mzima nikasema hivyo. Sikujiuliza kenchi ni za nani.

Pembetatu zile zilichukua siku nne kujengwa na asubuhi moja kubomolewa. Jirani aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama, akanipa pole, akauliza kama barabara mpya inapita kwangu. Nikamwambia hapana, nabomoa mwenyewe. Akapanda baiskeli yake, na jioni kijiji kizima kilikuwa na habari.

Shemeji alitimiza ahadi. Mabati yalifika juu ya lori, ya bluu iliyokolea, hamsini na mawili kamili, na kreti mbili za soda juu yake. Nilimwambia wabeja, wabeja sana, kwa Kisukuma, maana asante ya Kiswahili ilionekana nyembamba. Sijawahi kumlaumu na simlaumu leo. Alitoa alichosema atatoa.

Hesabu mpya ya fundi ndiyo iliyonikalisha chini. Paa la kona nane lilitaka mabati sabini na manne. Mbao zilikaribia kuwa mara mbili, maana kila kona ina kenchi zake na kila kenchi ina miguu yake. Kofia, ambazo mwanzo zilikuwa za mgongo mmoja, sasa zilitakiwa kwenye kila mshono. Nilikwenda Kahama na karatasi mfukoni, nikazunguka maduka ya vifaa vya ujenzi tangu yanafunguliwa. Bati moja la rangi lilikuwa bei ya majogoo wawili wakubwa. Muuzaji mmoja aliisoma orodha yangu, akaigeuza aone kama imeendelea nyuma, akauliza, “Mzee, unapaua nyumba au sekondari?”

Niliuza maksai wote wanne mnadani, wale niliowazoeza jembe mwenyewe. Fedha ikatosha mbao na sehemu ya mabati. Bado nilipungukiwa mabati tisa, kofia na misumari, na upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameanza kujipanga. Kuta za tofali za kuchoma zenye udongo katikati hazipendi mvua.

Mke wangu hakusubiri nimwombe. Alileta lile kopo, akaliweka mezani.

“Chukua, nyumba isilowe. Lakini ujue atakayeendelea kubeba ndoo ni mimi, siyo wewe wala huyo mdogo wangu.”

Nikamwahidi tenki msimu unaofuata. Nilimaanisha.

Siku ya kupaua ilikuwa ya furaha, siwezi kusema vinginevyo. Ndugu walikuja, ugali ukasongwa kwenye sufuria za shule, mafundi wakaimba juu ya kenchi. Vipande vilivyokatwa kwenye kona vilijaa uani, pembetatu za bluu za kila ukubwa, nikajua sasa fundi alikuwa anasema nini. Mke wangu alivikusanya akaezekea banda la kuku, na wageni walipomaliza kuisifu nyumba walizunguka nyuma kulisifu banda. Jioni nilitembea hadi barabarani peke yangu, nikageuka kutazama. Lilipendeza. Wenye bodaboda walianza kuwaelekeza abiria kwa paa langu, na mimi nilipowasikia nilijifanya sijasikia.

Mvua ya kwanza ilitufundisha. Paa la pande mbili humwaga maji pande mbili, unajua pa kutega. Langu lilimwaga kila mahali. Tulitoka na ndoo, beseni na sufuria, tukizunguka nyumba kutafuta maji yanapodondoka kwa wingi, tukigongana kwenye kona, mpaka tukalowa chapachapa na kucheka kama watoto. Tukapata ndoo tatu. Fundi alipoulizwa bei ya gata za kuzunguka kona zote nane, alitaja kiasi kilichozidi tenki lenyewe, akaongeza kwamba kwenye kila kona zitavuja.

Msimu uliofuata sikuwa na maksai. Nilisubiri jembe la kukodi, na mwenye jembe hulima kwanza kwake. Nikapanda kwa kuchelewa, nikavuna magunia machache, na tenki likasogea mwaka mmoja mbele. Likasogea tena. Bomba la kijiji lilifika kwa wenzetu walio kando ya barabara likaishia hapo. Wakati mwingine tulinunua maji kwa vijana wa baiskeli, lakini siku nyingi mke wangu alichukua ndoo yake akaenda mtoni. Nilimsaidia kwa vipindi, kisha nikawa natafuta shughuli. Nalikiri hilo pia.

Magoti yake yalianza kuvimba. Daktari alimkataza kabisa kubeba kitu kichwani. Binti yetu anayeishi Geita mjini, ambako bomba liko uani, alikuja kumchukua akapumzike mwezi mmoja. Huu ni mwaka wa nne. Kule ana kwaya, ana wajukuu, anafungulia maji akiwa amekaa kwenye kigoda.

Mwaka juzi hatimaye nilinunua tenki, nikafunga gata upande mmoja tu, ule mrefu. Nilimpigia simu kumweleza limejaa. Alicheka sana.

“Hongera, Baba. Sasa jifunze kupika.”

Nimejifunza. Ugali wangu haufai kwa wageni, lakini naumaliza. Yeye huja Krismasi, hukaa siku kumi, hukagua kuku wake, kisha magoti humkumbusha kwamba tenki la upande mmoja hukauka kiangazi na mto uko mbali, naye hurudi. Mimi ningemfuata, na binti ameshanitengea chumba. Lakini mabati ya rangi yakiachwa bila mtu huku kwetu hung'olewa, na nyumba mbili njiani kwetu zimebaki kuta tupu. Shemeji anasema niuze nyumba. Nimejaribu, wanunuzi wanalisifu paa, wanauliza kuhusu maji, kisha wanaaga.

Kwa hiyo nakaa hapa kulilinda, na yeye anakaa Geita. Tuliishi pamoja miaka thelathini na minane. Paa lile lilinigharimu kuzeeka naye nyumba moja.