Chupa ya Mama Mkwe

Siku ya nne baada ya kujifungua, nilimfunua mwanangu asubuhi nikakuta macho yake yamekuwa ya njano.

Sio njano ya kubahatisha. Njano kabisa, mpaka kwenye fizi.

Mtoto hata jina hakuwa nalo, tulikuwa tunangoja siku ya nane kama desturi yetu hapa Ibadan.

Aliyekuwa anamwogesha ni mama mkwe, Mama Asake. Nikapekua mkoba wake. Nikakuta chupa ya maji meusi ya mizizi.

Nikasema, kumbe ni huyu. Nilimkataza kabisa asimpe mtoto miti shamba, akaniitikia vizuri tu.

Hospitali wakamlaza chini ya taa ya bluu, uchi, amefunikwa macho. Daktari akasema njano ikizidi hupanda kwenye ubongo. Akinusurika anaweza kuwa kiziwi, au asitembee. Akauliza mtoto amepewa dawa gani.

"Muulize huyu," nikamnyooshea mama mkwe kidole mbele ya wodi nzima.

"Mke wetu, ile ni ya magoti yangu," akasema taratibu. "Mtoto sijamgusisha hata tone."

Nikamwambia atoke, asimguse mwanangu tena. Akatoka, akakaa kwenye benchi nje.

Kesho yake njano ikashuka kidogo. Nikajisemea, si unaona, tangu aondoke huyu mama mtoto ana nafuu.

Wakaniruhusu nimpakate. Nikamfunga shali lililotoka nyumbani, lile la kaka yake Ayinde, nililolitunza miaka mitatu.

Asubuhi iliyofuata vipimo vikapanda. Daktari akaanza kuongelea kumbadilisha damu. Akanipa fomu, nikasaini.

Nesi mmoja, Bi Folasade, akainama kumchukua mtoto. Akasita. Akanusa shali.

"Hii nguo ilikuwa inakaa wapi?"

Sandukuni, nikamwambia. Pamoja na vidonge vya naftalini, vile vyeupe tunavyoviita kafuri, vya kufukuza mende. Mama gani Ibadan hafanyi hivyo?

Akamvua mtoto shali akalitoa nje ya wodi. Akanieleza kuna watoto huzaliwa na damu isiyovumilia vitu fulani, na vidonge vile ni miongoni mwavyo. Hata harufu iliyobaki kwenye nguo inatosha kuivunja damu yao. Wakampima. Mwanangu ni mmoja wao.

Nguo zote alizovaa tangu azaliwe zilitoka kwenye sanduku lile. Nilizipanga mimi. Vidonge nilinunua mimi.

Wakambadilisha damu. Siku ya nane ikamkuta bado chini ya taa, lakini macho yameanza kuwa meupe.

Nikatoka nje nikapiga magoti mbele ya lile benchi. Mama Asake alikuwa hajarudi nyumbani siku zote hizo. Nikamwomba msamaha huku nalia.

"Inuka, mke wetu, una mshono," akasema. "Mtoto anangoja jina."

Akamwita Durojaiye. Maana yake, kaa uifaidi dunia.

Leo ana miaka miwili, anasikia hata nikifungua biskuti chumba cha pili. Kadi ya dawa asizotakiwa kupewa iko kwenye pochi yangu. Nakala iko kwenye mkoba wa bibi yake, pamoja na chupa yake ya magoti.

Jamani, daktari akikuuliza mtoto amepewa nini, usikimbilie kupekua mkoba wa mwenzako. Anza na sanduku lako.