Sahani Iliyofunikwa Kawa

Kwa miaka kumi na tisa Bi Fatu wa Takaungu alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni ya wasichana nje ya Malindi, na wasichana aliwajua kwa sahani zao. Mahira wa kidato cha nne, mtoto wa Mambrui, alikuwa mpenzi wa pojo za nazi. Siku ya pojo hurudi kwenye dirisha la jikoni mara mbili.

Muhula wa pili Mahira akaanza kupita mikono mitupu kila Jumatatu na Alhamisi. Husema amefunga. Bi Fatu moyo ukamlainika: masomo yote yale, na bado sunna haimpiti. Akawa humwekea sahani ya kufuturu, akaifunika kawa ya ukindu. Tena akamsifu dirishani, wenzake wasikie. Kadzo, msema-ovyo wa darasa, akamjibu kwamba Mahira akiingia peponi atamwacha Bi Fatu mlangoni na mwiko wake.

Kisha saumu zikazidi. Jumatano ikaingia, na Jumamosi. Asubuhi kawa ikifunuliwa, chakula hakijaguswa. Bi Fatu akajiambia huenda mtoto analipa siku zake za Ramadhani.

Alhamisi moja, alasiri imeadhiniwa, alikwenda kuteka maji kwenye tangi la nyuma ya msikiti wa shule. Wasichana waliokuwa katika siku zao walikaa kibarazani wakiwangoja wenzao wanaoswali. Mahira alikuwa miongoni mwao. Na adhuhuri ile ile alikuwa amesema amefunga.

Bi Fatu akaitua ndoo. Mwanamke katika hali ile hafungi, na hilo Mahira alilijua tangu chuo cha Kurani. Ndipo alipoona jinsi shati la shule lilivyompwaya mabegani. Akawaomba wale wengine wawapishe, akakaa kando ya Mahira.

"Mwanangu, tangu lini chakula hakishuki?"

Maneno yakamtoka Mahira. Alama zake zilikuwa zimeanguka, na babake alikwisha kuwatangazia watu wa mtaani kwamba nyumba yake inatoa daktari. Usiku moyo humwenda mbio hali amelala. Tonge likifika kooni, koo hufunga. Jumatatu ya kwanza alifunga kweli, akitafuta utulivu.

"Kisha ukanisifu mbele ya watu, Bi Fatu. Nikaona haya kurudi dirishani."

"Basi kosa hilo ni langu, nisamehe. Lakini la kifuani haliponi kwa sahani yangu. Twende kwa Mwalimu Purity."

Mwalimu Purity ndiye aliyekuwa wa ushauri nasaha. Mahira akasita, aliogopa kuitwa mwendawazimu.

"Nitakaa nawe mpaka umalize. Ugali wa leo na uungue."

Ukaungua kweli. Wazazi wakaitwa, na Mahira akaanza kwenda hospitali kila wiki kuonana na mtaalamu. Babake, mtu wa maneno machache, alimwambia mbele ya mwalimu kwamba udaktari unaweza kungoja, bintiye hawezi. Bi Fatu akaacha kusifu mtu dirishani. Alimpakulia Mahira nusu upawa, bila kuuliza kilichobaki.

Alhamisi ya wiki ya sita ya matibabu zilipikwa pojo za nazi na wali. Mahira alikula, akaondoka, kisha akarudi na sahani yake tupu.

"Bi Fatu, ukoko upo?"

Bi Fatu akainama ndani ya sufuria, akakwangua na kukwangua, mpaka Kadzo aliyekuwa nyuma akakumbusha kwamba na wengine pia wana matumbo.